Kaboni Aliyeondoka

Siki ilitoka jikoni kwetu, Langoni,
chupa ya mama ya kutilia achari ya embe,
siki ya mnazi, kali hadi jicho linalia.
Magadi nilinunua dukani, ya shilingi kumi.
Vilipokutana vilifoka, kisha vikanyamaa;
nikavichemsha taratibu mpaka maji yakaisha
ikabaki chumvi nyeupe, isiyofaa mchuzi.

Mwalimu Lali akasema: humu mna kaboni wawili.
Mmoja mpole, kajifunika hidrojeni tatu;
mwenzake kakumbatia oksijeni mbili,
na ukali wote wa siki ulikuwa wake.
“Leo tunawaachanisha.”
Akacheka peke yake.

Mimi nilikuwa natazama dirishani.
Shekuwe alikuwa na wiki mbili Maskati,
yeye na begi lake la kahawia lenye zipu mbovu,
na shati lake moja bado limo kambani, juu darini,
hakuna aliyethubutu kulianua.

Nikaitwanga chumvi pamoja na chokaa soda,
chokaa, jamaa wa hii iliyoshika kuta zetu,
iliyokuwa matumbawe kabla ya tanuri.
Moto. Shingo ya neli ikatoka jasho.
Mapovu yakapanda majini, moja, tena moja,
gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu.
“Ndiyo siki hii?”
“Ndiyo siki iliyopungukiwa na mmoja,” akasema.
“Methani.” Akasogeza njiti:
mwali wa buluu, mdogo,
kama mtu anayeona haya kuonekana.

“Na yule mwingine?”

Kengele ilikuwa imelia, wenzangu washatoka.
Mwalimu hakunijibu. Alingoja neli ipoe,
akakwangua unga uliogandia chini,
akaudondoshea siki ya mama, matone mawili.
Unga ukafoka.

Nilidhani kaboni akivunjwa hupotea kama moshi.
Kumbe chokaa ilikuwa imemdaka mlangoni,
ikamweka, bila kelele, imekuwa jiwe kwa ajili yake.

Nilirudi nyumbani kwa kichochoro cha nyuma,
bega likisugua lipu, vumbi jeupe mkononi.
Sikulipangusa.
Mama alikuwa amekwisha kupakua.
Akaita kutoka ukumbini, vilevile kama zamani:
“Ndooni!”
Ndooni, kwa wingi,
na mimi niko peke yangu ngazini.

Nikaitika
kwa sauti ya watu wawili.