Misumari Miwili

Saa nne usiku, Kijitonyama, feni inakoroma.
Programu ya duka la Mwanahawa inanigomea:
kila nikitaka yadi igeuke mita
inauliza, duka lipi?
Nami nalijenga duka zima, rafu, kufuli, daftari la madeni,
ili tu nizidishe namba mbili,
kisha nalitupa.

Ndipo nikakumbuka kaunta yake, Mtaa wa Kongo:
misumari miwili imepigiliwa mbaoni,
kati yake yadi moja.
Kitenge, satini, kaniki, vyote hunyooshwa hapo.
Msumari hauulizi kitambaa cha nani,
cha harusi au cha msiba.

Nikaandika neno moja mbele ya mbinu: tuli.
Nikafuta kila "mimi" iliyojificha ndani.
Sasa naiita kwa jina la darasa;
hakuna duka linalozaliwa,
na mita zinatoka.

Nikanogewa. Nikaifanya tuli na ile ya madeni.
Ikakataa, mstari wa arobaini na moja, wino mwekundu.
Ina haki.
Iulize misumari Bi Siwatu anadaiwa kiasi gani:
itakutazama tu, inang'aa kwa kusuguliwa.
Kwa deni, mwite Mwanahawa mwenyewe.