Robo Mkate kwa Saa

Chuo kilitupa wiki sita,
mwongozo wa kurasa kumi na moja,
na duka moja Mabela, nyuma ya gereji ya matairi:
mlango wa bati, friza linalonguruma, mitungi miwili ya gesi,
na Bi Shinuna, aliyetutazama viatu kwanza.

"Nyinyi ndio madaktari wa biashara?"
Hilo kwa Kiarabu, kwa ajili ya Muhannad.
Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili:
"Na wewe, mjukuu wa nani?"
Nikamtajia.
"Ahaa," akasema,
na ile ahaa mpaka leo sijaijua uzito wake.

Anapika mkate wa ufuta.
Huanza saa nane za usiku,
kabla jua la Agosti halijaufanya mlango kikaango cha pili.
Hutandaza unga kwa kiganja kilicholowa,
hungoja utoboke matundu, hunyunyiza ufuta,
kisha Shofiqul, kijana wa Silheti,
hukibinua kikaango kifudifudi juu ya moto
akihesabu kwa Kibangali,
mpaka harufu imwambie basi.

Nikafungua kompyuta juu ya gunia la unga.
Mikate sitini, baisa mia tatu mmoja.
Unga, tui, ufuta, gesi: mia na sabini na mbili.
Ibtihaj akatabasamu, safu ikawa ya kijani.
Toa kodi ya duka, riali nne kwa siku.
Toa Shofiqul, riali tatu.
Zikabaki baisa mia sita na themanini
kwa saa tisa za kusimama.

Nikagawa. Nikagawa tena, labda nimekosea kidole.
Sabini na tano na ushei.
Robo mkate kwa saa.

Sikuisema. Nikaigeuza kompyuta imtazame Muhannad,
naye akakohoa, akaanza ya mwongozo:
bei ipande iwe mia nne,
mfanyakazi apunguzwe siku,
picha zipigwe karibu na dirisha.

Bi Shinuna alimsikiliza mpaka mwisho,
mikono ndani ya kanga, unga mpaka kwenye kiwiko.
"Mkate wa kwanza huungua," akasema.
"Kila siku. Ndio unaonionyesha moto.
Mmeuhesabu?"

Hatukuuhesabu.

"Na Jumanne zenu, saa mbili mbili,
ambazo mimi ningekuwa nimelala,
mmeziandika wapi?"

Nikaitafuta safu. Nilijua haipo,
lakini nikaitafuta,
nikipandisha na kushusha kidole
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni
na mlango u wazi mbele yake.

Muhula ukaisha. Ukumbi ulikuwa baridi ya kuumiza meno.
Tulionyesha michoro kumi na minne,
profesa akauliza kuhusu ukuaji,
Ibtihaj akajibu vizuri sana.
Kwenye mstari wa mshahara wa mwenye duka
tuliacha sifuri, kama mwongozo ulivyoruhusu,
na kwa sifuri ile duka lilikuwa na afya.
Tukapata alama ya juu.

Nilirudi peke yangu, asubuhi, bila kompyuta.
Shofiqul yupo. Ripoti yetu ipo, juu ya friza, imekunjwa vizuri.
Ukutani, kwa kalamu nene, mwandiko wake mwenyewe:
*mia tatu na hamsini.*
Si bei yake ya zamani, wala si yetu.

Nikaomba mmoja. Nikamwambia, kwa utani wa mjukuu,
"Mimi si utanipunguzia, Bibi?"
Hata hakucheka.
"Ukurasa wa nane," akasema,
"mmeandika nisiwapunguzie jamaa."

Nikatoa mia tatu na hamsini kamili.
Garini niliumega vipande vinne, ukiwa bado na moto,
nikaishika robo moja mkononi,
nikakumbuka ule unaoungua,
nikaipiga hesabu upya.

Haikufika hata robo.