Mpimaji na Mstari wa Mwisho

Alishuka kwenye pikipiki, matope hadi magotini,
na fomu ya teritware ya Kalehe ndani ya plastiki,
na kimashine cha kijani kinachoongea na mbingu.
Chifu wa lokalite akanisukuma mbele:
"Nzigire anajua. Huyu amechunga mbuzi."
Basi, franki elfu tano na mhindi wa kuchoma:
nitembee, nitaje, yeye aandike.

*Mahali panapojulikana*, fomu ilidai.
Nikamwonyesha Kahuzi, kwani kila mgeni huanza nao,
ingawa siku ile mlima ulijifunika gubigubi
kama mgonjwa asiyetaka kujuliwa hali.
"Upo kweli?" akauliza Bwana Muderhwa.
"Upo. Ngoja saa nne."
Saa nne ikapita. Akauandika hivyo hivyo, kwa imani.

Nikampeleka kwenye maji moto,
ambako mihogo hulainika kabla hujamaliza kufua
na wenye maumivu ya mgongo huketi hadi shingoni
wakisengenya wenye mgongo mzima.
Akachovya kidole, akakichomoa mbio, akaandika: *utalii*.
M'Rhuhune akacheka mpaka kitenge kikalowa.
"Mwambieni utalii tunaufanya kila Jumamosi,
na sabuni tunajiletea."

Tukapita mashamba ya chai yaliyogeuka pori,
kila kichaka kimemzidi mchumaji kimo;
nyumba ya kukaushia imebaki kuta, na nyuki.

Kwenye kinkina nikabandua gome, nikampa alambe.
Uso ukajikunja kama karatasi ya peremende.
Homa ya dada yangu ilikimbia uchungu huo.
Ya kaka yangu haikusikia.
Alitafuta pa kuliandika hilo, akageuza ukurasa,
akaurudisha.

Juu mgongoni mwa kilima, Kivu likatokea chini
kama sinia lililosuguliwa kwa majivu.
Akasema mle ndani mna gesi, umeme wa miji mizima.
Nikasema sisi betri za redio tunazianika juani
ili zikumbuke habari za saa moja.
Tukanyamaza kidogo, kila mtu na ziwa lake.

Ikabaki kona moja, mto unapojipinda
chini ya shamba la Nyakulu, mama wa mama yangu.
Utotoni tuliokota pale vijiwe vyeusi,
vidogo, vizito kuliko haki yao.
Rusha kimoja, zoa vinne, daka.
Aliyeshindwa alikwenda kuchota maji.

Nimekiona kilima kilichokutwa na vijiwe hivyo.
Shule ilihamia chini ya turubai,
mto ukawa rangi ya chai ya maziwa,
mjomba akanunua pikipiki
na akarudishwa nyumbani juu ya nyingine.

"Na hapa?" Kalamu ilikuwa hewani.
"Mali asili. Bado mstari mmoja."
Kimoja kilikuwa chini ya ndara yangu.
Nilikisikia, baridi, kimekaa sawasawa
katika shimo la unyayo. Nikakikanyaga zaidi.

"Maharage," nikasema.

"Aina gani?"

"Ya njano. Yanaiva upesi, hayamalizi kuni."
Akaandika. Kimashine kikalia mara moja,
kama mtu aliyeridhika, au aliyeguna.
Sikujua. Mpaka leo sijui.

Jioni alinilipa elfu nne;
elfu moja aliikata, ya mhindi.
Nikatembea nyumbani nikichechemea bila kidonda.

Nyakulu alikuwa jikoni, hakuuliza kitu.
Aliondoa kijiwe chake juu ya mfuniko,
kile kile cha miaka yote, kilichozoea moshi,
akaonja mchuzi, akaongeza chumvi,
akakirudisha mahali pake.