Mfereji wa Saa Nane

Mfereji wa Majengo hukohoa saa nane ya usiku.
Kwanza hewa, kisha kutu, kisha uzi wa maji
mwembamba kama wa kushonea kofia.
Mimi huwa nimeshapanga madumu,
ishirini na mawili, ya Bi Somoe yana alama nyekundu,
na kitabu cha bayolojia nimekikalia kisilowe.

Ukutani, juu ya vigae vya chupa,
mpungate umeinua viganja vyake gizani.
Mwalimu Nyawa alitwambia: hayo si majani.
Majani yaligeuka miiba zamani,
shina likajitanua, likashika kazi yao.
Na mchana hausemi na mtu.
Vitundu vyote vimefungwa, jua linapiga hodi,
maji yako ndani, yametulia.

Hufungua sasa. Saa zangu hizi.
Huipokea hewa ya ukaa kidogo kidogo,
na kwa kuwa mwanga wa kuipikia haupo
huigeuza asidi, huiweka akiba.
Kukipambazuka hujifungia,
hupika sukari milango ikiwa na komeo,
jikoni moto, nje hautoki hata mvuke.

Sikuamini. Nikakata kipande alfajiri,
nikakwangua miiba, nikatafuna:
ukali wa ukwaju, meno yakafa ganzi.
Jioni nikakata kingine, kiganja kilekile.
Chapwa. Akiba imeshapikwa yote.
Bi Somoe akaniuliza, kwani kwenu hamkupika?

Mwezi wa pili maji yalikatika siku tisa.
Mfereji haukukohoa. Mkokoteni
ulipita ukiuza dumu shilingi hamsini,
kisha themanini,
kisha haukupita.
Nikamwuliza mwalimu: na usiku nao ukiwa mkavu?
Akafuta chaki mikononi kwanza.
Hapo, akasema, haufungui hata usiku.
Huvuta pumzi yake wenyewe, ileile,
ikizunguka ndani. Haukui. Haufi.

Niliporudi, madumu yalikuwa yamelazwa ubavu.
Bi Somoe amewalaza wajukuu sakafuni mchana kutwa,
wasicheze, wasije wakaona kiu.
Pazia limeteremshwa. Hakuna aliyesema neno.
Nikavua viatu mlangoni,
nikarudisha komeo,
nikalala nao.