Sura ya Kumi na Moja

Sijui kusoma. Niliyoyajua ya kitabu kile
yaliniingia masikioni, juu ya supu ya kabichi,
Pafnuti akirudi kutoka kiwanda cha chapa,
kucha zimeshika weusi usiotoka hata kwa sabuni yangu.
Mpanga herufi husoma kichwa chini miguu juu,
risasi moja moja, kama mtu achambuaye mchele.

Kila mwezi jarida lilitoa kipande,
na kila mwezi mwandishi alichelewa:
kurasa zilifika zimelowa theluji,
mistari imekatwa, mingine imebanwa pembezoni,
na katikati duara la kikombe cha chai.
Tambov walisubiri. Kazan walisubiri.
Mjane mmoja, nasikia, alimtuma kijana na farasi wawili
hadi kituo cha posta, kuuliza tu
kama Agniya amepona.

Machi ikapangwa sura ya kumi na moja.
Usiku ule Pafnuti hakugusa kijiko.
Alinisimulia yote, neno kwa neno;
mshumaa ukaisha, akaendelea gizani.

Asubuhi mkaguzi akapitisha wino mwekundu,
mara moja tu, pembe hadi pembe.
Vunja, akaambiwa. Akavunja.
Herufi zikarudi visandukuni mwao,
na kesho yake zikatangaza bei ya mabuti ya mpira,
kifo cha jenerali,
chai mpya kutoka Kyakhta.

Kitabu kilipotoka, juzuu mbili, ngozi ya kijani,
kumi ikafuatwa na kumi na mbili.
Watu wakamcheka mpanga herufi: mlevi, hajui kuhesabu.
Wakamkata rubli mbili.

Mimi nafua nguo za mabibi wa Liteiny.
Nikipiga pasi nyuma ya mlango nawasikia:
kwa nini Agniya aliuza shamba akaenda zake?
Mapenzi, asema mmoja. Madeni, asema mwingine.
Bwana mwenye miwani asema ni udhaifu wa utunzi.

Alipiga magoti, mabibi. Jikoni, alfajiri,
kwenye maganda ya viazi,
mbele ya Fevronia mpishi wake,
ambaye mwanawe aliuzwa ili piano inunuliwe.
Akaomba radhi.
Na Fevronia hakuitikia.
Aliendelea kumenya.

Pafnuti hayupo; risasi ilimjaa kifuani
bila ya bunduki.
Nanyunyiza maji, nakunja kola, nageuza.
Glafira, aniita bibi, mbona kimya leo?

Pasi imepoa, namjibu.