Kidonge cha Saa Mbili

Saa mbili kasoro dakika tatu, Al-Khoudh.
Kiyoyozi kinakoroma, birika halijachemka.
Kidonge ni cheupe, cha pembe tatu,
kidogo kuliko punje ya mbaazi.
Nakimeza kabla sijamsalimu mtu.
Mwaka wa saba huu.

Siku waliponitoboa ubavu
nilitarajia damu.
Yakatoka maji meupe, mazito, chupa mbili,
na dada yangu Zeyana, mkoba wangu begani,
akasema kwa Kiswahili, daktari asielewe:
"Ya Rabi, tui!"
Tukacheka, mimi nikijishika mbavu,
yeye mpaka akaenda kulia msalani.

Jina la maradhi ni refu kuliko nasaba yangu,
nami ni binti Nasor bin Hemed bin Khalfan
na bado sijafika kwenye kabila.
Mishipa ya maji, si ya damu.
Kiswahili kilinipa mtoki, kikaishia hapo.

"Haitaponya," alisema daktari. "Itashikilia."

Basi inashikilia.
Vidonda vya mdomo, chai naipoza kwanza.
Balungi haramu, na nazi kwa kijiko.
Kila miezi mitatu naenda kupimwa na kidonge mkobani,
sijakimeza, mpaka Sista Sheeja avute damu
kwenye ule mshipa wa kushoto anaouita rafiki yake.
Ramadhani nakihamishia usiku, baada ya futari,
na mwezi ukiandama tunarudi zamu yetu.

Mwaka wa tatu niliacha.
Wiki tano. Sikumwambia mtu.
Nilikuwa mzima, nikachoka kuwa mgonjwa mzima.
Harusini Barka nikala samaki wa kupaka
mpaka nikalamba vidole.
Wiki ya tano, ngazi kumi na nne za nyumba yangu
zikawa ishirini na nane.
Nikakaa katikati, viatu mkononi,
nikisikiliza kifua kikijaa taratibu
kama mtungi chini ya bomba bovu.

Zeyana hakunigombeza.
Tangu siku ile anapiga simu kutoka Ibra,
saa mbili na dakika moja, hakosi,
hata asubuhi aliyomzika mumewe.

"Umekula?"
"Nimekula."
"Haya."

Hatusemi nini.
Birika limeanza kulia jikoni.