Sauti ya Nne

Upande mzima wa santuri, wimbo mmoja.
Fundi Lali alikuonya kabla hujaketi:
"Una haraka? Shika ndia.
Hini ni dakika ishirini na tatu,
na haikungoji."
Kisha akaipangusa sindano kwa pamba
na kuzima pasi ya lehemu, heshima
ambayo hata wateja hawakuipata.

Duka lake la Bondeni lilikuwa na upana wa mikono miwili.
Redio zilikaa matumbo wazi,
nasi tukakaa juu ya redio.
Gazetini wangeiita roki endelevu.
Lali aliiita *nyimbo zisizoomba radhi*.

Kinanda kilianza peke yake,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.
Akaipata. Gitaa.
Kisha ngoma zikahesabu saba.

Saba!
Sisi wa nne kwa nne, sisi wa chakacha na harusi,
mguu wangu ulibaki hewani kila mara
kama wa mtu anayeshuka ngazi
akidhani kuna kidato kimoja zaidi.
Kitsao, aliyepiga ngoma katika hoteli za Nyali
mpaka mikono ikachoka kuwaburudisha watalii,
alifumba macho, akagonga saba zake
juu ya bati la maziwa ya unga, asikose hata moja.
"Nyanya yangu ana kayamba," alisema,
"mkimsikia huyo mtaacha kumshangaa mzungu."

Halafu dakika ya kumi na saba.

Baharia aliyeiacha santuri ile
kulipia redio yake iliyotengenezwa
alikuwa ameikanyaga mahali.
Filimbi ilipanda sauti tatu, ikarudi.
Sauti tatu, ikarudi.
Sauti tatu.
Lali aliuinua mkono wa gramafoni
kama unavyomwinua mtoto aliyelala kifuani mwako,
akasema, "Basi,"
akawasha pasi.

Miaka kumi na tisa hatukuujua mwisho.
Kitsao aliapa ngoma zinarudi na kubomoa kila kitu.
Mimi, nikirudi Makupa kwa miguu,
niliumaliza kichwani kila jioni, na kila jioni tofauti:
leo ala zinaondoka moja moja kama wageni wa hitima,
kesho mlango unabamizwa.
Lali alijali sauti ya nne tu. "Inapanda," alisema.
Nikasema inashuka.
Tukawekeana mahamri sita.

Sasa Lali amelala Manyimbo.
Hata makaburi yetu yana nyimbo ndani ya jina lao.
Duka linauza vifuniko vya simu.

Juzi binti yake, Mwanakombo, ananitumia vijana wanne
wa nchi ambayo lugha yao siitambui,
wanahesabu kumi na moja, wanageuka tano,
halafu wananyamaza muda mrefu
hadi nikadhani stima imekatika.
Nimewasikiliza mara nne, nikiwa na sahani mkononi,
sabuni ikikauka.
Bado sijui wanakwenda wapi. Ndiyo raha yake.

"Anko," ameandika jana,
"na ule wa Baba nimeupata. Mzima. Nitume?"

Nimekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki.
Nimezima feni.
Kinanda, swichi, saba;
mguu wangu umekwisha kuzeeka, lakini unakumbuka kusubiri.
Ilipokaribia kumi na saba
mkono wangu uliinuka wenyewe
kuushika mkono wa gramafoni usiokuwapo.

Sauti tatu.

Ikaja ya nne.

Zilibaki dakika sita baada ya hapo,
na siwezi kukueleza vizuri yaliyotokea ndani yake.
Kitsao alikosea, hakuna kinachobomoka.
Kuna kinanda, tena peke yake,
kinachozima ile swichi.

"Umeuonaje?" Mwanakombo aliuliza.
Niliandika, nikafuta, nikaandika:

*Imeshuka. Babako ana deni langu, mahamri sita.
Njoo nayo Ijumaa,
na uje na wale vijana wako wa kumi na moja.*